Kukuza gegedu la kiungo ndani ya jeli ya mwani: mwongozo kamili kwa maabara za Nairobi

Gegedu la kiungo ni tishu nyeupe, nyororo na yenye kung'aa inayofunika ncha za mifupa mahali inapokutana, na katika goti la mtu mzima unene wake ni takriban milimita 2 hadi 4. Halina mishipa ya damu wala neva. Seli zake, ziitwazo kondrosaiti, huchukua sehemu ndogo sana ya ujazo wake. Kati ya asilimia 65 na 80 ya uzito wake ni maji, yaliyoshikiliwa na wavu wa kolajeni ya aina ya pili pamoja na molekuli kubwa za agrekani, ambazo kwa chaji yake hasi huvuta maji na kuyazuia yasikimbie mguu unapokanyaga chini. Kwa kuwa damu haifiki humo, jeraha la gegedu halifungi kama jeraha la ngozi. Tabibu William Hunter alikwisha kuliandika jambo hilo mjini London mwaka 1743, na hadi leo ndilo tatizo linalotukabili.

Kijana aliyeanguka na bodaboda au aliyegongwa goti uwanjani anaweza kubaki na shimo lenye upana wa sarafu kwenye gegedu lake. Upasuaji unaofanywa mara nyingi ni kutoboa vitundu katika mfupa ulio chini ya shimo hilo ili damu na seli za uboho zipande juu. Shimo hujaa kweli, lakini kinachoota ni gegedu lenye nyuzi na kolajeni nyingi ya aina ya kwanza, ambalo uimara wake hupungua kadiri miaka inavyopita. Mwaka 1994 Mats Brittberg, Lars Peterson na wenzao wa Gothenburg, Uswidi, walieleza jinsi walivyochukua seli za gegedu la mgonjwa mwenyewe, wakazizidisha maabarani, kisha wakazirudisha gotini chini ya kiraka cha utando wa mfupa. Desemba 2016 Marekani iliidhinisha MACI, ambamo seli hizo hupandwa juu ya utando wa kolajeni ya nguruwe. Njia hizi zote ni za jeraha lenye mipaka, si za goti lililochakaa lote, na mtafiti anayezungumza na wagonjwa ana wajibu wa kuliweka wazi hilo mapema.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa uzamili au fundi wa maabara aliye Nairobi, mwenye kabati la hewa safi, kiatamizi cha hewa ya kaboni na hadubini ya kawaida. Unashikilia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: kiunzi kizuri, yaani kitu kinachobeba seli zikue ndani yake, ni kile kinachoiacha seli ya gegedu ibaki na umbo la duara na iendelee kutengeneza kolajeni ya aina ya pili, na ushahidi wa hilo ni kipimo chenye sampuli linganishi. Picha ya seli zilizo hai haitoshi hata kidogo.

Hatua ya kwanza: kuchagua bayomateria

Seli ya gegedu ikiwekwa juu ya plastiki hutandazika, hujinyoosha kama seli ya ngozi, na baada ya vizazi vichache vya kuhamishwa chombo hadi chombo huanza kutengeneza kolajeni ya aina ya kwanza. Mwaka 1982 Paul Benya na Joy Shaffer walionyesha kwamba seli zilizokwisha kupotea namna hiyo hurudia tabia yake zinapofungiwa ndani ya jeli ya agarosi. Ugunduzi huo ndio kipimo changu cha kwanza ninapopima bayomateria yoyote, yaani malighafi ya kutengenezea kiunzi: je, inaishikilia seli pande zote bila kuipa mahali pa kujitandaza?

Alijineti, inayotolewa katika mwani wa kahawia, hulitimiza sharti hilo vizuri. Huganda papo hapo inapokutana na kalsiamu, bila joto na bila sumu, na huyeyuka tena kwa sitreti, hivyo unaweza kuzipata seli zako upya uzichunguze. Udhaifu wake ni kwamba seli haina pa kushika, na jeli hulegea polepole kadiri kalsiamu inavyotoka. Hapa pana jambo linalowachanganya wengi: mwani unaolimwa na akina mama wa Kibuyuni, Kwale, ni mwani mwekundu, na zao lake ni karajinani, si alijineti. Karajinani nayo huganda, lakini taratibu na ukolezi unaofuata hapa chini haviihusu.

Kolajeni ina sehemu ambazo seli huzishika kwa urahisi, na inaweza kutolewa katika kano za ng'ombe kwa asidi asetiki na pepsini kwenye baridi ya nyuzi 4. Hata hivyo kolajeni ya kano ni ya aina ya kwanza, na jeli yake husinyaa seli zinapoivuta, kiasi kwamba diski uliyoimimina jioni unaikuta imekuwa ndogo baada ya siku kadhaa. Haiwezekani pia kuiua vijidudu kwa otoklevu, chombo cha mvuke moto wenye shinikizo, kwa maana joto huigeuza kuwa jelatini. Kitosani, inayotokana na maganda ya kamba, huyeyuka katika asidi hafifu tu na ubora wake hutofautiana kutoka kundi moja la maganda hadi jingine. Ni malighafi yenye matumaini kwa nchi yenye pwani, ila anayeianza lazima awe tayari kupima kiwango cha asetili kilichoondolewa kila mara anapotengeneza upya. Polikaprolaktoni, aina ya plastiki inayooza mwilini, huyeyuka kwa takriban nyuzi 60, huchapika vyema kwa printa ya pande tatu, na hukaa mwilini zaidi ya miaka 2 kabla ya kwisha. Inafaa kuwa mhimili wa nje unaobeba uzito huku jeli ikibeba seli ndani yake. Jelatini iliyoongezwa methakrilati, ambayo huganda kwa mwanga, ni nzuri sana, lakini humdai mtu kemia ya ziada ambayo kwa anayeanza ni kujiongezea mzigo.

Ninashauri uanze na alijineti iliyosafishwa, inayouzwa kwa ajili ya kazi za seli. Ile ya viwanda vya chakula itumie kujifunzia mkono tu, kwa sababu uchafu wake unaweza kuziua seli na usijue kosa ni la nani. Chagua pia mapema asili ya malighafi ukimfikiria mtu wa mwisho. Utando wa nguruwe ni suala zito kwa wagonjwa Waislamu, na katika jiji lenye Eastleigh na South C hilo si jambo la kuliacha hadi siku ya upasuaji.

Hatua ya pili: ruhusa na usalama

Omba leseni ya utafiti ya NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na kibali cha kamati ya maadili ya taasisi yako kabla ya kununua chochote. Tishu ya mnyama aliyechinjwa kwa ajili ya nyama huwa na masharti mepesi kuliko mnyama hai au mgonjwa, lakini kibali bado kinahitajika, na majarida mengi hayachapishi kazi isiyokuwa nacho. Kimeta, bruselosi na homa ya Bonde la Ufa ni maradhi yaliyopo nchini, kwa hiyo chukua viungo vya mnyama aliyepitishwa na mkaguzi wa nyama pekee, na uvae glovu mbili.

Hatua ya tatu: kupata mguu wa ng'ombe

Kiungo kinachofaa ni kile kilicho juu tu ya kwato. Kimefungwa pande zote, kina gegedu safi, na bei yake ni ya mfupa wa supu. Nenda kwenye machinjio ya Dagoretti alfajiri, uzungumze na wachinjaji siku moja kabla, uwaeleze mambo mawili bila kuchoka. La kwanza, mguu usibabuliwe motoni, kwa maana miguu ya supu hupitishwa kwenye moto ili kuondoa manyoya, na joto hilo huziua seli. La pili, usikatwe ndani ya kiungo. Shoka lipite kwenye mfupa, juu kabisa ya kiungo, ili mfuko wa kiungo ubaki mzima. Kiungo kikishafunguka hapo machinjioni kimeingia vijidudu, na hakuna dawa itakayokiokoa. Pendelea mnyama mchanga, kwa kuwa gegedu lake lina seli nyingi zaidi.

Funga mguu ndani ya mifuko miwili na uuweke kwenye barafu bila kugusana nayo moja kwa moja. Seli za gegedu zimezoea hewa kidogo na virutubisho vichache, hivyo msongamano wa Waiyaki Way hauzidhuru; kiungo kisichofunguliwa kinaweza kukaa kwenye jokofu la nyuzi 4 hadi siku inayofuata.

Maabarani, osha mguu kwa sabuni na brashi, uchune ngozi, kisha uloweshe sehemu yote ya kiungo kwa spiriti ya asilimia 70. Badilisha glovu na kisu kabla ya kukata mfuko wa kiungo. Ute unaotoka unapaswa kuwa mwangavu, wenye rangi ya manjano hafifu, na wenye kuvutika kama uzi kati ya vidole. Ukiwa na damu au ukungu, achana na kiungo hicho. Kwa kisu cha upasuaji kwaruza vipande vyembamba vya gegedu ukikiinamisha kisu. Pale blade inapoanza kukwama na rangi kubadilika kuwa ya waridi umefika mfupani, basi rudi juu. Vipande viangukie moja kwa moja kwenye chombo chenye maji ya chumvi yenye penisilini na streptomaisini, kwani vikikauka hata dakika chache tu seli za juu hufa.

Hatua ya nne: kutoa seli

Katakata vipande viwe na ukubwa wa milimita 1 hivi. Viloweke katika pronasi ya asilimia 0.2 kwa saa 1 hadi 1 na nusu kwenye nyuzi 37, uvisuuze, kisha uviache usiku kucha katika kolajenasi ya asilimia 0.025 hadi 0.1 iliyomo kwenye mchanganyiko wa kukuzia seli, chombo kikitikiswa taratibu. Kimeng'enya cha kwanza huondoa protioglikani na kufungua njia, cha pili hukata wavu wa kolajeni. Asubuhi ukikuta vipande bado vinaonekana, ongeza saa chache. Usiongeze ukolezi, maana kolajenasi kali huchubua utando wa seli.

Pitisha kimiminika kwenye chujio la mikroni 70, zungusha kwa sentrifuji kwa nguvu ya 300 g kwa dakika 10, suuza mara mbili, kisha hesabu seli kwa rangi ya tripani buluu. Endelea kama zaidi ya asilimia 90 ziko hai. Tumia seli hizi bila kuzizidisha kwenye plastiki, au zidisha mara moja tu ikiwa huna budi.

Hatua ya tano: kutengeneza shanga za jeli

Yeyusha alijineti kwa ukolezi wa asilimia 1.2 katika maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Inachukua saa nyingi kuyeyuka, kwa hiyo inyunyize kidogo kidogo juu ya maji yanayozunguka na uiache usiku. Ukiimwaga yote kwa pamoja hujikunja madonge yasiyoyeyuka. Ipitishe kwenye chujio la mikroni 0.22 ili kuondoa vijidudu, jambo linalowezekana kwa ukolezi huu ukiwa na subira. Otoklevu hufupisha minyororo ya alijineti na kuifanya jeli iwe dhaifu.

Changanya seli milioni 4 kwa kila mililita ya alijineti, ukivuta na kurudisha polepole ili usiingize mapovu. Jaza kwenye bomba la sindano lenye sindano ya geji 22, ulishike wima sentimita chache juu ya bika yenye kloridi ya kalsiamu ya milimola 102 kwa lita inayozunguka taratibu, na udondoshe tone baada ya tone. Tone zuri hugonga maji, huzama likiwa duara, na kwa sekunde chache huonekana kama lulu yenye ukungu kidogo. Likiwa na mkia, umeshikilia sindano chini mno au alijineti yako ni nzito. Likitandazika juu ya maji, umeishikilia juu mno. Kila shanga huwa na takriban mikrolita 10, yaani seli 40,000 hivi. Ziache dakika 10 zikaze.

Baada ya hapo suuza shanga kwa maji ya chumvi ya kawaida, kisha kwa mchanganyiko wa kukuzia seli. Usitumie kabisa bafa ya fosfeti, ingawa mkono wa kila mtu wa maabara huikimbilia kwa mazoea: fosfeti hunyang'anya kalsiamu, na shanga ulizozihangaikia huanza kulegea mbele ya macho yako.

Katika kundi hilohilo, tengeneza shanga zisizo na seli zenye idadi sawa. Watu huziona ni gharama isiyo na maana. Katika hatua ya saba ndizo zitakazoamua kama matokeo yako yana thamani.

Hatua ya sita: kiatamizi, na urefu wa Nairobi kutoka usawa wa bahari

Chakula cha seli ni DMEM, mchanganyiko wa kawaida wa kukuzia seli, yenye glukosi nyingi, iliyoongezwa seramu ya ndama ya asilimia 10, dawa mbili za kuzuia bakteria, na vitamini C kwa mikrogramu 50 kwa mililita, kwa kuwa bila vitamini hiyo seli haiwezi kukamilisha kolajeni. Ukitaka kuondoa seramu, weka badala yake insulini, transferini na seleniamu, pamoja na deksamethasoni ya nanomola 100 na TGF-β3, protini inayochochea ukuaji, ya nanogramu 10 kwa mililita. Badilisha mara 3 kwa wiki, vitamini C ikiwa imetayarishwa upya, kwa siku 28.

Taratibu nyingi zilizochapishwa ziliandikwa karibu na usawa wa bahari, nasi tuko takriban mita 1,800 juu yake. Shinikizo la hewa hapa ni kama kilopaskali 83 badala ya 101, na tofauti hiyo huingia katika kazi yetu kwa njia mbili. Otoklevu ya zamani inayosomwa kwa geji ya shinikizo ikiwekwa paundi 15 haifiki nyuzi 121. Hukomea karibu na 118. Inahitaji paundi 18 hivi, mradi chombo chenyewe kimeidhinishwa kwa shinikizo hilo, na kama hakijaidhinishwa ongeza muda. Lililo salama zaidi ni kuamini kipimajoto na utepe wa kibayolojia, si geji. Pili, hewa ya kaboni ya asilimia 5 hapa ni kilopaskali 4.1 tu, ilhali Mombasa ni 5.1, na kwa sababu hiyo mchanganyiko wetu huwa na pH ya juu kwa karibu 0.1. Asilimia 6 hurekebisha jambo hilo. Pima pH mwenyewe ndani ya chombo kilichokaa kiatamizini usiku mzima, uandike kwenye daftari. Nimeona kundi zima la sampuli likilaumiwa kwa ubovu wa jeli kumbe tatizo lilikuwa hewa.

Umeme ukikatika, usifungue mlango wa kiatamizi. Mlango uliofungwa huhifadhi joto muda mrefu kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya saba: kupima bila kujidanganya

Siku ya 1, 7, 14 na 28, chukua shanga za kila kundi. Ili kujua uhai, yeyusha shanga kadhaa katika sitreti ya sodiamu ya milimola 55 kwa dakika 15 na uhesabu seli. Kwa kemia, meng'enya shanga kwa papaini usiku kucha kwenye nyuzi 60, katika bafa yenye EDTA na sisteini. EDTA itaivunja na jeli yenyewe. Kutokana na mmeng'enyo huo mmoja utapima DNA kwa rangi ya Hoechst 33258, kolajeni kwa njia ya haidroksiprolini, na glikosaminoglikani, yaani sukari ndefu zenye chaji hasi zilizomo kwenye agrekani, kwa rangi ya DMMB kwenye mwanga wa nanomita 525.

Hapo ndipo mtego ulipo. DMMB hushikamana na chaji hasi, na alijineti nayo imejaa chaji hasi za kaboksili. Ukifuata utaratibu wa kawaida wenye pH ya 3, jeli yenyewe itasomeka kama gegedu, na shanga tupu zitakuonyesha "mafanikio" makubwa. Shusha pH ya rangi hadi 1.5, ambapo kaboksili hupoteza chaji lakini salfeti za gegedu hubaki nayo, kisha utoe thamani ya shanga zisizo na seli. Rangi nyekundu ya safranini O nayo hudanganya kwa namna iyo hiyo. Mtafiti anayeleta picha nyekundu bila kuweka pembeni picha ya jeli tupu hajaonyesha kitu. Wakati wa kuhifadhi sampuli kwa formalini, tumia ile isiyo na fosfeti na iliyoongezwa kloridi ya kalsiamu, la sivyo shanga zitayeyuka kabla hazijafika kwa mkata vipande.

Andika glikosaminoglikani kwa kila mikrogramu ya DNA, kwa maana jumla inaweza kupanda eti kwa sababu seli zimeongezeka tu. Mwisho, tafuta kolajeni ya aina ya pili na ya aina ya kwanza kwa kingamwili kwenye vipande vilivyofuatana. Uwiano wa aina hizo mbili ndio unaosema kama umepata gegedu la kiungo au kovu.

Hatua ya nane: kutoka shanga hadi shimo

Shanga hazivai umbo la jeraha. Zikikupa matokeo yanayorudiwa kwa ng'ombe tofauti, walau 3, mimina mchanganyiko huohuo kwenye pete yenye upana wa milimita 5 na urefu wa milimita 2, katikati ya karatasi mbili za chujio zilizolowa kalsiamu, upate diski. Ibinye kwenye mashine ya kupima ugumu. Gegedu halisi hutoa takriban megapaskali 0.5 hadi 1, nayo jeli mpya itakuwa chini sana ya hapo. Kinachotafutwa ni kupanda kwake wiki kwa wiki kulinganishwa na diski tupu.

Kisha rudi kwenye mguu wa ng'ombe. Kata diski ya gegedu pamoja na mfupa wake, toboa shimo la milimita 3 katikati, ujaze jeli yenye seli, na uilishe kwa wiki 4. Suala la jeli kushikamana na kingo za gegedu la zamani ndilo gumu kuliko yote katika fani hii, na chombo hiki rahisi hulionyesha bila kumgusa mnyama hai. Siku ya mwisho sukuma jeli kwa fimbo nyembamba kutoka upande wa mfupa, uliochimbwa ukafikia jeli, ukisoma nguvu inayohitajika kuing'oa. Gawanya nguvu hiyo kwa eneo la ukingo, na ulinganishe na shimo lililojazwa jeli tupu.